Mchezo Bila Mchezaji

Mtaani kwetu tamthilia yoyote ya televisheni kutoka nje inaitwa "sizoni". Fulani kanasa kwenye sizoni ya Kikorea, mwenzake anatafuta kibanda cha kujaziwa sizoni kwenye flashi. Ukitaka kuwa makini utajikuta unasema "sizoni ya pili ya sizoni", ndiyo maana waandishi wamekimbilia "msimu". Neno zuri, lilikuja na Kiarabu na limeshazoeana na kaskazi na kusi. Ila msimu una desturi ya kurudi kwa wakati wake. The Last of Us, tamthilia ya HBO iliyotokana na gemu, ilimaliza msimu wa kwanza Machi 2023, ikarudi Aprili 2025, na vipindi vikapungua kutoka 9 hadi 7. Hakuna embe linalosubiriwa hivyo.

Hilo tulimeze. Linalonikera zaidi ni jina la ile safari ya hadithi kutoka gemu hadi runinga. Wapo wanaosema gemu "limetoholewa", wapo wanaosema "limetafsiriwa", kana kwamba ni mamoja. Kutohoa tulikusoma kwenye sarufi: Wajerumani walikuwa na Schule, sisi tukainyoosha ifuate matamshi yetu, ikawa shule. Sauti ziligeuka kidogo tu, neno likabaki lilelile. Mfasiri hafanyi hivyo. Yeye huliacha umbo ng'ambo, akavuka na maana, kisha akaitafutia maneno mengine upande wa pili.

Msimu wa kwanza ulitafsiri. Chukua kipindi chake cha tatu. Katika gemu lililotengenezwa na Naughty Dog na kutoka mwaka 2013, Bill ni mtu mkali anayeishi peke yake kwenye mji alioujaza mitego, na mwenzake Frank tunamkuta keshajinyonga, ameacha barua ya kumsuta. Waundaji wa tamthilia, Craig Mazin na Neil Druckmann, wakaiweka kando sura hiyo yote, wakawapa Nick Offerman na Murray Bartlett mapenzi ya miaka mingi, kuanzia mlo wa kwanza hadi wa mwisho. Hatua za mchezaji hazimo kabisa. Kilichobaki ni swali la gemu zima: mtu atafanya nini kwa ajili ya anayempenda?

Msimu wa pili ukatohoa.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, maana gemu ni mchezo na tamthilia nayo ni mchezo, na mchezaji yumo kote kuwili. Tofauti ni kwamba kwenye gemu mchezaji ni wewe. Katika sehemu ya pili ya gemu, ya mwaka 2020, Ellie, akilipiza kifo cha mlezi wake Joel, anambana Nora, mmoja wa waliohusika, kwenye ghorofa ya chini ya hospitali, akiwa na bomba la chuma mkononi. Gemu linasimama na kukungoja. Pigo halishuki mpaka ubonyeze kitufe cha mraba. Unabonyeza, linakungoja tena, unabonyeza tena. Wako walioweka pedi ya kuchezea chini wakatafuta njia ya kukataa, wasiione. Kipindi cha tano cha msimu wa pili kina chumba hichohicho, taa nyekundu hiyohiyo, bomba hilohilo. Bella Ramsey anapiga, nasi tunatazama. Umbo limevuka salama, lakini hatia, ambayo ndiyo iliyokuwa maana, imebaki kwenye pedi.

Kifo cha Joel nacho kimepita njia hiyo. Wazee wa vibanda vya video walitulea kwa kanuni moja, kwamba steringi hafi. Pedro Pascal anauawa kwa fimbo ya gofu katika kipindi cha pili, na baadhi ya watazamaji wakaondoka naye. Gemu lilimuua vilevile, tena likaficha sababu za Abby, muuaji wake, kwa saa nyingi, kisha likakukabidhi Abby ucheze kama yeye uone kama chuki yako itadumu. Runinga haina cha kukukabidhi, kwa hiyo kisasi cha Abby kinatangazwa mapema makaburini Salt Lake City, na fumbo linakwisha kabla halijatega mtu. Naielewa sababu. Kaitlyn Dever naye hana kosa, anaigiza vizuri kuliko nafasi aliyopewa.

Baada ya kulifumbua fumbo, bado wakaacha mshono wa gemu palepale ulipokuwa. Jesse, rafiki wa Ellie, anapigwa risasi, Abby anamwelekezea Ellie bastola, mlio, giza. Abby anaamshwa uwanjani, na maandishi yanasema ni siku ya kwanza Seattle. Mchezaji wa gemu akifika hapo anaendelea usiku uleule. Mtazamaji aliambiwa asubiri msimu wa tatu. Nchini Marekani mwisho wa msimu wa kwanza ulitazamwa na watu milioni 8.2 usiku uleule wa kurushwa, wa pili milioni 3.7, ingawa huo uliangukia wikendi ya sikukuu.

Kipindi cha sita nakitetea. Joel anampeleka Ellie makumbusho siku ya kuzaliwa kwake, anamweka ndani ya chombo cha anga na kumwashia kaseti ya sauti za roketi ikiruka. Tukio limetoka kwenye gemu, lakini halihitaji pedi.

Kwa hiyo naomba tuwaachie wanasarufi utohozi wao. Kazi iliyohamishwa ikiwa na maana yake tuseme imetafsiriwa. Iliyohamishwa kwa umbo tu tuseme imetoholewa, na tusione haya kulitumia neno hilo kama lawama. Julai 2025 Druckmann alitangaza kujitoa kwenye msimu wa tatu. Mazin akabaki na Abby, na kazi yote ya kutafsiri ikiwa mbele yake.