Mwekezaji wa Maruku ni Nani?

Fungua mwongozo wa uwekezaji wa mkoa wowote nchini na utakuta maneno matatu hayaachani: fursa, vivutio, mwekezaji. Mkoa wa Kagera nao una mwongozo wake, na maneno hayo yamo. Nimekuwa nikiyafikiria nikiwa na Maruku akilini, kata ya Bukoba Vijijini yenye kahawa, chai, ndizi na vanila, yenye kituo cha utafiti wa kilimo, na ambako watafiti wa kahawa wamezalisha miche ya robusta iliyopewa jina la mahali penyewe: Maruku 1 na Maruku 2. Fursa zipo. Vivutio navyo vinaweza kuorodheshwa. Neno linalonisumbua ni hilo la tatu.

Kuwekeza kumezaliwa na kuweka, kitenzi cha nyumbani kabisa. Mtu huweka akiba, huweka nadhiri, huweka shamba. Lakini katika lugha ya serikali mwekezaji ni mgeni wa juzi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mwenye fedha nyingi aliitwa bepari, na hasira zikipanda aliitwa mnyonyaji au kupe. Neno bepari lenyewe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Ukali liliupata huku kwetu, katika siasa. Mali ya kuzalisha fedha, hasa ya umma au ya ushirika, iliitwa kitega uchumi, na Dar es Salaam bado lipo jengo la Shirika la Bima ambalo wengi wanalijua kwa jina hilo. Mimi nalipenda. Ndani yake yumo mtu anayejitegea riziki kama mvuvi anavyotega dema, aliyechagua mahali, akatega, akangoja.

Kisha ikaja sheria ya 1990 ya kukuza na kulinda uwekezaji, ikafuatiwa na ile ya 1997 iliyounda Kituo cha Uwekezaji Tanzania. Aliyeogopwa akaanza kualikwa, na lugha ikampa jina la heshima. Sioni kosa hapo, nchi inahitaji mitaji. Kosa naliona katika namna jina lilivyokaziwa likambana mwenyeji. Chini ya sheria ya zamani Mtanzania alihitaji mtaji wa dola 100,000 za Marekani ili asajiliwe na kupata motisha za kikodi. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ikashusha kiwango hadi dola 50,000. Ni hatua njema. Hata hivyo, hesabu mwenyewe ni wangapi katika vijiji vya Maruku wanaozifikia hizo 50,000. Wengine wote wanabaki na majina mengine: mkulima, mwananchi, mjasiriamali mdogo.

Mtazame huyo anayeitwa mkulima. Analima kibanja, shamba la nyumbani ambamo migomba na mibuni inakaa pamoja, maharage yakiwa chini yake. Mche wa kahawa aliupanda akijua kwamba kwa miaka isiyopungua miwili au mitatu hautampa kitu. Kila msimu anafunika udongo kwa nyasi na kubeba samadi. Kahawa ikiiva anaichuma, anaianika juani mpaka maganda yakauke na punje zigongane ukiitikisa kiganjani, ndipo inapelekwa kwenye chama cha msingi kupimwa. Huyo ameweka ardhi, nguvu, muda na fedha, kwa kungoja faida ambayo hana hakika nayo. Sijui ni sehemu gani ya maana ya kuwekeza ambayo hajaitimiza.

Na si kwamba wakulima hawa hawajawahi kumiliki kiwanda. Mjini Bukoba kipo TANICA, kiwanda cha kahawa ya kunywa papo hapo. Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU, kilitumia sehemu ya fedha za ziada zilizotokana na soko la biashara ya haki kununua hisa za kiwanda hicho. Fedha hizo zilitoka kwenye debe na gunia la wanachama wa vijijini. Kwa Kiswahili chochote kile, huo ni uwekezaji, na waliofanya hivyo ni wawekezaji.

Kagera kuna neno jingine ambalo miongozo haina budi kulijua: butura. Ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa mwenye fedha atakayekuja kuivuna au kuidai kwa bei aliyoipanga yeye. Viongozi wameikemea miaka na miaka, na wana haki, kwa sababu inamwacha mkulima mikono mitupu wakati wa mavuno. Lakini neno hilo linatueleza jambo ambalo takwimu za fursa haziwezi kutueleza. Shule zinafunguliwa Januari. Mavuno makubwa ya kahawa huanza katikati ya mwaka. Katikati ya hapo kuna ada, kuna sare, kuna mgonjwa. Pengo hilo ndilo butura inaloliziba, kwa gharama kubwa mno. Benki au ushirika utakaomkopesha mkulima kwa masharti ya haki katika miezi hiyo ni biashara ambayo Maruku inaihitaji kuliko hoteli yoyote ya ufukweni.

Neno la mwisho nililonalo ni rweya. Wahaya huita rweya ule uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Mgeni akiuona, na ofisa akimwonyesha, kinachotamkwa ni “ardhi tupu” au “ardhi isiyotumika”. Tupu kwa nani? Nyasi za kufunika kibanja hutoka rweya. Ng’ombe wanaotoa samadi hulishwa rweya. Njugumawe hulimwa huko. Ukiikata rweya yote ukaigawa, baada ya miaka michache kibanja kinachoka, na kahawa uliyoitangaza kama fursa inapungua. Sisemi rweya isiguswe. Mashamba ya chai yamewekwa humo tangu zamani na yamewapa watu kazi. Ila chai nayo ina sharti lake: jani lililochumwa leo lazima lifike kiwandani leo. Kiwanda kikisimama, mchai usiochumwa unarefuka ukawa mti, na rweya imekwisha kwenda. Kwa hiyo kumvutia mwenye kiwanda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni barabara inayopitika masika, umeme usiokatika, na ushuru unaotabirika. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mnunuzi na mkulima wote waliuelewa ujumbe huo bila kuhitaji kipeperushi.

Ombi langu kwa halmashauri ya Bukoba, na kwa jirani zao wa Muleba, ni dogo na linatekelezeka. Mwongozo utakapoandikwa upya, futeni “ardhi tupu” muandike rweya, pamoja na matumizi yake na wanaoitumia. Na katika sura ya wawekezaji, kabla ya kumtaja yeyote anayetarajiwa kuja, wekeni orodha ya vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa waliopo.