Ubwari si kisiwa: historia ya Baraka kwa mgeni na kwa anayerudi nyumbani



Hivi karibuni kijana mmoja aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, alisimama nami kando ya ziwa hapa Baraka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mji wa wazazi wake. Akanyoosha mkono kuelekea ule mlima mrefu uliolala upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, akauliza: "Kile kisiwa kinaitwaje?" Mzee mvuvi aliyekuwa anashona nyavu zake karibu yetu akacheka. "Mjukuu wangu, hicho si kisiwa. Ni Ubwari. Ukizunguka kusini utafika huko kwa miguu bila kulowa."

Kijana aliona haya. Lakini kosa lake lina umri wa zaidi ya miaka 160, na mtu maarufu alilifanya kabla yake.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakitokea pwani ya Bahari ya Hindi. Mwezi wa 4 walipanda mitumbwi kwenda kaskazini, wakavuka ziwa hadi Ubwari, kisha wakafika Uvira. Burton aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ukitokea mashariki, kosa hili linaeleweka: unaona ukuta wa mlima, na ukizunguka ncha yake ya kaskazini unakuta maji tena. Shingo ya nchi inayoushika mlima na bara iko kusini, mahali ambapo yeye hakupita. Baadaye ramani zilisahihishwa, Ubwari ikaandikwa kuwa rasi. Ila maji haya tunayovua kila siku yakapewa jina la yule aliyekosea: Ghuba ya Burton.

Habari ya mto Rusizi inafundisha zaidi. Wazungu walitumaini kwamba mto huo unatoka ziwani kwenda kaskazini, na kwamba huenda ndio mwanzo wa Naili. Pale Uvira, watoto wa mtemi Maruta walimwambia Burton wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji, walifika mdomoni mwa mto na kuona kwa macho yao: unaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli miaka 13 kabla.

Wageni hawakuja kutazama tu. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Ujiji walivuka kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Katika miaka ya 1880 mkubwa wao upande wa kaskazini alikuwa Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza. Miaka hiyo hiyo Mapadri Weupe walifungua misioni ya Kibanga, kwenye nchi inayopakana na ghuba yetu, wakakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Kiswahili tunachosema leo kilipita katika njia hizo hizo za biashara na machozi.

Kisha ikaja 1965. Usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi wa 4, Che Guevara na Wakuba wachache walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, kusini ya Baraka, kuwasaidia waasi. Walijipa majina ya Kiswahili ya kuhesabu. Yeye alikuwa "Tatu". Mwisho wa mwezi wa 9 mamluki wa Mike Hoare walishuka kutoka ziwani na kupigania Baraka. Mwezi wa 11 Tatu alirudi Kigoma usiku, bila ushindi. Wageni hao wameandika vitabu. Mama zetu waliokimbilia milimani na watoto mgongoni hawakuandika.

Vita vya 1996 na 1998 vilifanya ziwa kuwa barabara ya wakimbizi. Watu wetu wengi walifika Lugufu na Nyarugusu. Kuanzia 2005 meli zilirudisha familia kutoka Kigoma hadi Baraka, na wengi wenu mnakumbuka siku mliposhuka na magunia yenu. Wengine wamekimbia tena, wengine hawajarudi bado.

Kuna jambo moja zuri ambalo wageni wamelijua kuliko watoto wetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal tu linalolipita. Wazamiaji kutoka Ulaya huingia humu kutazama samaki wadogo wa mawe, ambao aina zao nyingi hazipatikani mahali pengine popote. Samaki hao hukwangua ukoga kwenye mawe na hawapendi kuvuka mchanga mpana au maji ya kina. Kwa hiyo kila pwani ya mawe ina rangi zake. Wapo wanaofugwa ndani ya vioo huko Ulaya wakiitwa kwa jina la Ubwari. Sisi tunajua ndagala na mikeke kwa sababu tunawala. Hao wa mawe, watoto wa wavuvi huwaona wakizamia bila kifaa chochote. Ukitaka kuoga, waulize wao kwanza wapi hakuna mamba.

Ujiji wana makumbusho ya Livingstone, na mgeni anaonyeshwa mahali penyewe. Kwetu kumbukumbu nyingi zinakaa kichwani mwa wazee, na wazee wanapungua. Ndiyo maana naomba: mzee mwenye simu ya kurekodi mjukuu wake, aseme majina. Huu ni Mutambala, kule ni Kazimia, hapa ndipo tulipopanda mtumbwi usiku ule. Mlio kambini, waelezeni watoto kabla hawajarudi, ili wasifike kwao kama watalii.

Kabla ya kuondoka, yule kijana alimwomba mzee amwonyeshe njia ya kusini. Kesho yake asubuhi walianza kutembea pamoja.