Maswali ya Sarufi ya Kihispania katika Darasa la Nairobi

Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alitoa sarufi ya Kihispania iliyojengwa kwa istilahi za Kilatini. Mwaka 1850 Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alichapisha mjini Tübingen muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, nao aliuandika kwa Kiingereza. Katika hali zote mbili lugha moja ilipimwa kwa kipimo cha nyingine. Na pale kipimo kinapopungua ndipo swali la mwanafunzi huzaliwa.

Kihispania, kikiwa lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa, kilipata makao Nairobi mwaka 1973, pale Shirika la Mazingira la Umoja huo lilipoanza kazi katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, kabla ya kuhamia Gigiri. Mkenya anayejifunza lugha hiyo, kwa kawaida, hufafanuliwa kwa Kiingereza, na maswali yake huwa ya Kiingereza.

Huuliza: kwa nini kuna *ser* na *estar*, ilhali Kiingereza kina kitenzi kimoja? Lakini Mswahili hasemi "Juma ni sokoni". Husema "Juma ni mwalimu", kisha "Juma yuko sokoni". Mipaka hailingani kabisa, kwani Juma "ni mgonjwa" kwa Kiswahili, na kwa Kihispania *está enfermo*. Hata hivyo, wazo la kugawa halimshangazi.

Huuliza tena: kwa nini *quiero que vengas*, wala si *que vienes*? Jibu limo kinywani mwake: "nataka uje", wala si "nataka unakuja". Kuhusu jinsia za nomino, neno "meza", lililotoka kwa Wareno, linatosha: *la mesa blanca*, meza nyeupe. Nomino hutawala kivumishi chake katika lugha zote mbili, ingawa jinsia za Kihispania ni mbili, na ngeli za Kiswahili ni nyingi zaidi.

Bunge la Kenya lilianza kujadili kwa Kiswahili mwaka 1974, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu Krapf, Kiswahili kimefafanuliwa kwa lugha za wengine. Mwalimu wa Kihispania anayeanzia kwenye "yuko" na "uje" hukipa zamu ya kufafanua, na mwanafunzi wake hupunguziwa nusu ya safari.