Safu ya Lugha: Volti si wati
Kwa baridi ile ya Eldoret, hita ya bafu husifiwa madukani kuwa "ina volti nyingi". Sivyo. Volti ni msukumo wa stima (neno ambalo zamani lilikuwa jina la meli ya moshi), nao majumbani Kenya ni 240, iwe hita au balbu. Kinachotofautiana ni mkondo, upimwao kwa ampea. Zidisha volti kwa ampea upate wati, yaani nguvu: ampea 20 zatoa wati 4,800. Gawanya volti kwa ampea upate omu 12, kipimo cha ukinzani. Wengine huandika "upinzani". Hilo tuwaachie wanasiasa. Waya hukinza mkondo, haugombei kiti. Ukinunua hita, ulizia wati.