Jicho Lisilopiga Yowe

Mwizi aliyeiba kahawa ya mama hakuchukua nyingi. Yalikuwa madebe mawili tu, yaliyoanikwa kichanjani nyuma ya nyumba, huko kwetu Kalinzi, katika milima iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma. Kilichotushtua sisi watoto wake si thamani ya kahawa hiyo. Ni kwamba mtu aliingia uani usiku, akafanya kazi yake bila haraka, na mama yetu, mjane anayelala peke yake, akasikia kila kitu asithubutu hata kukohoa. Ndugu zangu walioko Dar es Salaam wakachanga fedha, nami niliye karibu nikapewa jukumu la kuchagua kamera ya ulinzi.

Kabla ya kwenda dukani nilimwuliza mama kwa nini hakupiga yowe. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, zamani nilijua nani angetoka wa kwanza. Siku hizi sijui." Jibu hilo lilinikaa moyoni, nikaona kwamba siwezi kuchagua kamera kabla sijajua ni kitu gani kilichopotea.

Wazee wetu hawakuwa na kufuli, lakini walikuwa na masikio. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita katika nchi ya Waha, kusini ya milima yetu. Nchi hiyo ilikuwa na tawala kadhaa, Nkalinzi ikiwa mojawapo, na kila penye mtawala palidaiwa hongo. Stanley alipoona nguo zake zinakwisha, aliamua kutoroka usiku pamoja na msafara wake, akiiacha njia kuu. Alikuwa na bunduki, lakini alichokiogopa usiku ule ni sauti. Yowe moja la mtu mmoja lingetosha kuamsha kijiji, na kijiji kingeamsha kingine. Huo ndio uliokuwa mtambo wa ulinzi wa siku hizo: mmoja husikia, wengi huja.

Utawala wa machifu uliondolewa baada ya Uhuru, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 chama cha TANU kikaleta mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alijua nani amezaa, nani amegombana na mkewe, na mgeni gani amelala kwa nani. Kisha, mwaka 1972, ikaja Operesheni Kigoma, na watu wengi wa mkoa wetu waliokuwa wakiishi mbalimbali wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wako waliohama kwa hiari, na wako waliohamishwa kwa nguvu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walichipuka Usukumani na Unyamwezini dhidi ya wezi wa ng'ombe, wakaenea mikoa mingine, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Nisiyapambe mambo hayo kupita kiasi. Jicho linalokulinda ndilo linalokuchungulia. Sungusungu walizuia wizi, lakini pengine walipiga watu wasio na hatia. Mwaka 1993, baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa, wakimbizi walimiminika mkoani mwetu, na si wote waliopokewa kwa huruma. Mgeni aliweza kutiliwa shaka kwa ugeni wake tu. Hata hivyo ulinzi ule wote, wa haki na wa dhuluma, ulikuwa na sifa moja: aliyeona aliweza kuja.

Kamera haiji. Historia yake yenyewe inatufundisha hivyo. Mojawapo ya mitambo ya kwanza ya aina hiyo ilitengenezwa na Mjerumani Walter Bruch mwaka 1942, ili mafundi watazame makombora yakiruka wakiwa mbali na hatari. Yaani ilibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo mtu hataki kuwapo! Aliyeifikiria kwa ajili ya nyumba ni muuguzi wa New York, Marie Van Brittan Brown. Alikuwa akirudi nyumbani saa zisizo za kawaida, na polisi wa mtaani kwake walikawia kufika. Mwaka 1966 yeye na mumewe waliomba hataza ya mtambo wao, wakaipata mwaka 1969. Mlango ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, na kamera iliyopanda na kushuka kati yake. Lakini angalia, msomaji, hakuishia kwenye kuona. Aliweka pia chombo cha kuzungumza na aliyebisha, kitufe cha kufungulia mlango, na kitufe cha kuita msaada. Mama yule alijua kwamba kuona ni robo tu ya ulinzi.

Basi nilikwenda Kigoma mjini nikiwa na maswali ya namna hiyo. Muuzaji alinisifia ung'avu wa picha. Mimi nilimwuliza umeme ukikatika itakuwaje, nikachagua ile yenye betri na paneli ndogo ya jua. Nilimwuliza kama inahifadhi picha kwenye kadi yake yenyewe, maana mtandao wa milimani hupotea. Nilimwuliza kuhusu ukungu, akakiri kwamba taa zake za usiku, zile zisizoonekana kwa macho, hurudishwa na ukungu na picha ikawa nyeupe kama maziwa. Mwisho nikachagua yenye king'ora, kwa sababu mama aliniuliza swali moja tu: "Hicho kitu kitapiga yowe?"

Niliifunga juu ya mlango wa nyuma, nikabadilisha neno la siri lililotoka nalo kiwandani, nikatuma picha Dar es Salaam. Ndugu zangu wakafurahi sana. Kwenye simu zao waliona kichanja, mgomba, na kipande cha njia inayokatiza uani kwetu kwenda kisimani.

Siku ya pili, asubuhi, jirani mmoja alifika penye njia ile na ndoo yake. Akainua macho, akaiona kamera, akasimama. Kisha akarudi alikotoka, akazunguka kwa njia ya mbali. Mama alikuwa dirishani. Hakusema neno.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Majirani wale wanaopita uani kila asubuhi wakisema "Mwakeye!" ndio wanaojua kama mama ameamka. Siku asipoitikia, watasukuma mlango. Nilikuwa nimenunua jicho la kumwangalia mwizi anayekuja mara moja kwa mwaka, likawafukuza watu wanaokuja kila siku. Ndugu zangu wangeona kila kitu wakiwa Dar es Salaam, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Katiba yetu inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 16, na mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini kilichonipandisha ngazini tena hakikuwa sheria. Ni mgongo wa yule jirani aliyegeuka. Niliigeuza kamera ikabaki inatazama kichanja na mlango peke yake. Jioni nikaenda nyumba tatu za jirani, nikawaeleza inaona wapi na haioni wapi, nikawasikilizisha king'ora, nikawaomba wakikisikia watoke. Mzee mmoja akaniambia, "Kwa mama yako tungetoka hata bila filimbi yako. Hakuna aliyetuita."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya kike kutoka njiani: "Mwakeye!" Mama akaitikia kwa nguvu kuliko kawaida yake.