LUKU

LUKU (kifupi cha "Lipa Umeme Kadri Utumiavyo") ni mfumo wa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ambapo mteja hununua umeme kwanza na kuutumia baadaye. Ulianza katika miaka ya 1990.

Namna unavyofanya kazi

Mteja hulipa kwa simu, benki au wakala kwa kutumia namba ya mita yake. Hupewa tokeni ya tarakimu 20 ambayo huiingiza kwenye mita. Mita huongeza uniti (kilowati-saa) zilizonunuliwa, kisha huzipunguza kadiri umeme unavyotumika. Zikiisha, umeme hukatika.

Tokeni hufuata kiwango cha kimataifa cha STS kilichoanzia Afrika Kusini. Kila tokeni hubeba muda ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza tokeni za ziada za kuboresha mita, kwa kuwa mita isiyoboreshwa isingepokea tokeni mpya.

Nyumba za kupanga

Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Mbagala (Temeke) na Tegeta (Kinondoni), wapangaji wa nyumba moja mara nyingi huchangia mita moja. Bei nafuu ya daraja la D1 ni ya wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Matumizi ya vyumba vyote yakijumlishwa, kikomo hicho hupitwa kwa urahisi, hata kama kila mpangaji anatumia kidogo.

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa pia kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayekatwa ni yule anayenunua umeme, ambaye anaweza kuwa mpangaji.

Umeme wa jua na wazalishaji wadogo

Mita ya kawaida ya malipo ya kabla hupima umeme unaoingia nyumbani tu. Baadhi ya mita za aina hiyo huhesabu umeme unaorudi gridini kana kwamba umetumika. Kwa hiyo mwenye paneli za sola anayetaka kupeleka ziada gridini huhitaji mita inayopima pande zote mbili. Mwaka 2018 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilitoa kanuni za utaratibu huo, ambapo umeme uliopelekwa gridini hufidia ule uliochukuliwa.

Wazalishaji wadogo, wa hadi megawati 10, huiuzia TANESCO umeme kwa mikataba ya mfano mmoja. Mmojawapo ni Mwenga, mtambo wa maporomoko ya maji wa megawati 4 wilayani Mufindi, ulioanza kazi mwaka 2012.