Kovu la ubaguzi wa rangi Kajiado na haki za leo

Embulbul, karibu na Ngong, imo katika kaunti yenye kovu la ubaguzi wa rangi. Kwa mikataba ya 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, kisha Laikipia, ili kuwapisha walowezi Wazungu. Wakasukumwa kusini, Kajiado na Narok. Mwaka 1913 kundi la Wamaasai lilikwenda kortini, lakini kesi yao ikatupiliwa mbali.

Leo Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi na kabila. Aliyebaguliwa aandike tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa na majina ya mashahidi, kisha awasilishe malalamishi kwa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa au afike Mahakama Kuu.